Maji, umeme na mafuriko: Je, Bujumbura inahitaji pacha wa kidijitali?

Mji wa Bujumbura umejengwa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ambalo hukadiriwa kuhifadhi takriban asilimia 17 ya maji baridi ya maziwa na mito yote duniani. Hata hivyo, katika mitaa yake mingi, hasa wakati wa kiangazi, akina mama na vijana huamka alfajiri na madumu mikononi wakitafuta bomba linalotoa maji. Miezi michache baadaye, mvua zinapoanza kupiga vilimani, mji huo huo huzidiwa na maji: mito hubomoa kingo zake, nyumba huporomoka makorongoni, na wakazi wa Gatumba hufungasha virago kwa mara nyingine.

Wapangaji wa miji katika nchi nyingi sasa wanaitaja teknolojia ya "pacha wa kidijitali" kuwa njia ya kusimamia maji, nishati na ardhi kwa uangalifu, ili mahitaji ya leo yasile akiba ya kesho. Je, teknolojia hiyo ina nafasi katika mji ambako umeme hukatika na mafuta ya gari hupatikana kwa tabu? Jibu la uchambuzi huu ni ndiyo, kwa sharti moja: kazi ianzie kwenye vipimo na kwa watu wanaopimwa. Mji unaoanza na picha za kupendeza za kwenye skrini utakuwa umenunua pambo, na pambo hilo laweza kuwaumiza wale ambao hawamo ndani yake.

Pacha wa kidijitali ni nini?

Ramani ya kawaida huonyesha mji ulivyokuwa siku ilipochorwa. Pacha wa kidijitali ni nakala ya mji ndani ya kompyuta inayoendelea kupokea habari kutoka kwa mji wenyewe: kiasi cha maji kilichopita kwenye bomba kuu saa hii, kina cha tangi, mzigo wa transfoma, milimita za mvua zilizonyesha mlimani. Kwa kuwa nakala hiyo inajua jinsi sehemu za mji zinavyotegemeana, mhandisi anaweza kuiuliza maswali kabla ya kugusa chochote. Tukifunga valvu hii, mtaa gani utakosa maji? Mvua ya jana ikirudi mara mbili, maji yatafika wapi?

Fikra yenyewe ni kongwe kuliko jina lake. Mwezi Aprili 1970, chombo cha Apollo 13 kilipopata hitilafu kikielekea mwezini, wahandisi wa Marekani walizijaribu hatua za uokoaji kwanza katika mitambo ya kuigiza iliyokuwa ardhini, kisha wakawaelekeza wanaanga. Mwaka 2002, Michael Grieves wa Chuo Kikuu cha Michigan aliieleza fikra hiyo kwa ajili ya viwanda, na baadaye miji ikaifuata. Singapore ilianza mradi wake mwaka 2014 kwa gharama ya takriban dola milioni 73 za nchi hiyo. Huko Valencia, Hispania, mamlaka ya maji hutumia pacha wa mtandao wa mabomba katika kazi za kila siku.

Bujumbura haina kitu kinachostahili jina hilo kwa ukamilifu wake, wala haina fedha za Singapore. Lakini ina tatizo ambalo teknolojia hii imeundwa kulishughulikia: huduma zake zimefungamana kiasi kwamba moja ikiyumba, nyingine huanguka.

Umeme ukikatika, bomba hukauka

Shirika la REGIDESO ndilo linalozalisha na kusambaza maji na umeme mjini. Sehemu kubwa ya maji ya mji huvutwa kutoka ziwani, husafishwa, kisha husukumwa kwa pampu hadi kwenye matangi yaliyo juu, ambako hushuka kuelekea majumbani. Pampu zinahitaji umeme. Umeme nao hutoka mbali: bwawa la Rwegura, lenye uwezo wa megawati 18, lililo katika msitu wa Kibira; bwawa la Mugere; mitambo ya Mto Rusizi ambayo Burundi inashirikiana na Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo; na maporomoko ya Rusumo, ambako megawati 80 zinagawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania.

Kwa hiyo bomba la Kinama linaanzia mbali na Kinama. Mvua ikipungua katika msitu wa Kibira, kina cha bwawa hushuka; mgao wa umeme huanza; pampu ya ziwani husimama; tangi la mlimani hukauka; na siku inayofuata mzazi hununua dumu la maji kwa bei anayoipanga muuzaji. Zamani jenereta ingeziba pengo. Tangu uhaba wa mafuta ulipokuwa sehemu ya maisha ya Warundi katika miaka ya karibuni, hata tegemeo hilo limekuwa la wasiwasi.

Pacha wa kidijitali hawezi kuzalisha hata wati moja. Anachoweza ni kusaidia kidogo kilichopo kitumike kwa mpango. Kwa kujua kina cha kila tangi na mahitaji ya kila mtaa, mhandisi anaweza kuyajaza matangi usiku, wakati viwanda na maofisi yamelala, badala ya kushindana nayo mchana. Anaweza pia kukata umeme kwa zamu bila kuugusa mstari unaolisha pampu. Kwa kuwa maji na umeme viko chini ya shirika moja, Bujumbura ina nafuu ambayo miji mingi ya kanda haina: anayejua ratiba ya kukata umeme na anayejua ratiba ya kusukuma maji wanaweza kuketi meza moja.

Faida ya pili ni kugundua upotevu. Mbinu yake ni nyepesi kueleweka. Saa nane za usiku watu wengi wamelala na mabomba yamefungwa. Ikiwa mita kuu ya mtaa fulani bado inazunguka kwa kasi saa hiyo, kuna mawili: bomba linavuja chini ya ardhi, au kuna anayechota bila kuandikwa. Nchini Kenya, taarifa za msimamizi wa sekta ya maji, WASREB, zimekuwa zikionyesha kwa miaka mingi kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa hayalipiwi, ama kwa kuvuja, ama kwa wizi, ama kwa mita mbovu. Kila lita inayopotea hivyo ilikwisha kutumia umeme wa kuivuta na dawa ya kuisafisha. Kuziba nyufa mara nyingi ni nafuu kuliko kujenga kituo kipya.

Na si kila kitu kinaanza kutoka sifuri. Mita za malipo ya kabla, ambazo wakazi wanazijua kwa jina la Cash Power, huacha kumbukumbu kila mteja anaponunua umeme. Zikikusanywa kwa mtaa na kwa mwezi, kumbukumbu hizo zinaonyesha wapi mahitaji yanakua na transfoma ipi inaelekea kuelemewa. Mbegu ya pacha tayari imo katika daftari za shirika.

Mafuriko ya aina mbili, saa mbili tofauti

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mvua kubwa iliteremsha maji na matope kwenye mitaa ya kaskazini, ikiwemo Kamenge na Kinama, na kuua zaidi ya watu 60. Mwezi Aprili 2020, Mto Rusizi ulivunja kingo zake na kuwafukuza maelfu ya watu Gatumba. Wengi waliishia katika kambi za muda za Maramvya na kwingineko. Kisha, mwezi Aprili 2024, serikali na Umoja wa Mataifa zilitoa ombi la pamoja la msaada, zikisema zaidi ya watu 200,000 walikuwa wameathirika tangu Septemba 2023. Wakati huo uso wa ziwa ulikuwa umepanda na kupita mita 777 juu ya usawa wa bahari, kimo kinachokaribia kile cha mwaka 1964 ambacho wazee wa mwambao bado wanakisimulia. Sehemu za bandari, hoteli za ufukweni na nyumba za Kibenga ziliingiwa na maji.

Maafa hayo huitwa kwa jina moja, mafuriko, lakini yanakwenda kwa saa mbili tofauti. Ziwa hupanda polepole, kwa wiki na miezi. Anayelipima kila siku anaweza kuwaambia watu mapema kwamba wahame. Makorongo ni jambo jingine. Kutoka vilele vya Mumirwa hadi ufukweni ni mwendo mfupi wenye mteremko mkali. Ntahangwa, Muha na Kanyosha hujaa kwa saa chache na kushuka na mawe. Kwa mito hii, pacha anahitaji vipimo vya mvua huko juu vinavyotuma habari papo hapo, na njia ya uhakika ya kumfikishia onyo mtu aliyelala ukingoni, iwe kwa simu, kwa redio au kwa kipaza sauti cha msikiti na kengele ya kanisa.

Taasisi ya Jiografia ya Burundi, IGEBU, ndiyo yenye dhamana ya hali ya hewa, mito na ramani. Bila vituo vyake vya kupimia kutunzwa na kuongezwa, nakala yoyote ya kompyuta itabaki ikibahatisha. Mipaka nayo ni muhimu. Maji yanayoibomoa Buyenzi hayakunyesha Buyenzi. Yalinyesha kwenye mashamba na viwanja vya ujenzi huko vilimani, ambako ardhi isiyo na miti wala makinga haiwezi tena kuyanyonya. Sheria ya mwaka 2023 iliyopunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 imeuweka mji na sehemu za vilima vinavyouzunguka katika mkoa mmoja wa Bujumbura. Kwa upande wa usimamizi wa maji, huo ni mlango uliofunguka: korongo na chanzo chake sasa vinaweza kupangiwa pamoja.

Yako pia mambo ambayo hakuna kompyuta ya Bujumbura itakayoyatatua peke yake. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga, ulioko Kalemie nchini Kongo. Kimo chake ni suala la nchi nne, pamoja na Tanzania na Zambia. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, iliyotokana na mkataba wa mwaka 2003, ina makao yake hapa hapa Bujumbura. Ni mahali panapofaa kwa nchi hizo kuweka vipimo vyao katika daftari moja.

Somo kutoka Dar es Salaam na Zanzibar

Kwa mfano ulio karibu na hali yetu, Singapore tuiache na tutazame mwambao wa Bahari ya Hindi. Mwaka 2015, baada ya mafuriko ya mara kwa mara, Dar es Salaam ilianzisha mradi wa Ramani Huria kwa ushirikiano wa vyuo vikuu, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania na Benki ya Dunia. Wanafunzi na wakazi walipita mitaa kama Tandale wakiandika kila mfereji: upana wake, kina chake, umejengwa kwa nini, umeziba au uko wazi. Waliwauliza wenyeji maji yalifika wapi ukutani katika mafuriko yaliyopita. Matokeo yaliwekwa katika ramani iliyo wazi kwa kila mtu.

Mwaka 2016 Zanzibar nayo ilianza kupiga picha Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani, zikirushwa na vijana waliofunzwa, wakiwemo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Kazi ambayo zamani ingehitaji ndege kubwa ya kukodi ilifanywa na mikono ya wenyeji.

Hakuna kati ya miradi hii iliyoondoa mafuriko. Bonde la Msimbazi bado linafurika. Lakini zote mbili zilitatua jambo ambalo fedha peke yake hazitatui: ziliacha ujuzi nyumbani. Mfumo unaoundwa na kampuni ya nje na kuachwa bila fundi wa kuutunza huanza kusema uongo mwaka wa pili, bomba jipya linapolazwa bila kuingizwa kwenye kompyuta.

Uko ushahidi wa kale zaidi kuhusu thamani ya kumwuliza mwenyeji. Mwaka 1858 watu wa Uvira waliwaeleza wasafiri Burton na Speke kwamba Mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Huko Ulaya mabishano yaliendelea kwa miaka 13, hadi Livingstone na Stanley walipokwenda kuutazama kwa macho yao Novemba 1871 na kukuta wenyeji walisema kweli.

Nani yumo ndani ya picha?

Hapa ndipo suala linapomgusa moja kwa moja msomaji wa Buyenzi, Bwiza au Buterere. Kompyuta huona kile ilichopewa. Katika mitaa ya zamani ya Waswahili, yenye barabara zinazoitwa kwa namba, si ajabu kukuta ua mmoja ukiwa na kaya nne au tano zinazotumia bomba moja na mita moja. Mfumo unaohesabu mita utaona mteja mmoja anayetumia maji kupita kiasi. Mfumo unaohesabu watu utaona watu ishirini na tano wanaotumia maji kidogo mno. Ikiwa mgao utapangwa kwa hesabu ya kwanza, ua huo utapunguziwa maji kwa jina la matumizi endelevu, huku nyumba yenye bustani na watu wanne ikionekana ya kawaida.

Vivyo hivyo kwa ardhi. Ramani inayomwonyesha mhandisi pa kujenga ukuta wa Ntahangwa ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumwonyesha ofisa nyumba za kubomoa. Sheria ya maji ya mwaka 2012 inataka mita 150 za ulinzi kutoka ukingo wa ziwa, na sababu zake ni za msingi. Lakini kupimwa kwa haki kunadai mstari huo uchorwe kwa kipimo kile kile mbele ya hoteli na mbele ya kibanda cha mvuvi, na kwamba mwenye nyumba auone mstari kabla ya tingatinga kufika, apate nafasi ya kusema umekosewa, na ajue atahamia wapi.

Ili hilo liwezekane, lugha ni sehemu ya mfumo. Nyaraka nyingi za miradi ya miji huandikwa kwa Kifaransa, na programu zenyewe huja kwa Kiingereza. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Uamuzi huo utakuwa na maana Buyenzi siku ramani ya hatari ya Ntahangwa itakapobandikwa ofisini kwa Kirundi na Kiswahili, ikisomeka na fundi gereji na mwuza samaki.

Jambo la mwisho ni siri za watu. Takwimu za mita zinaweza kufichua nani yuko nyumbani na saa ngapi. Zinapotolewa nje ya shirika, zinapaswa kujumlishwa kwa mtaa, zisitaje mlango wa mtu.

Pa kuanzia

Hatua za kwanza hazidai mabilioni. Programu ya EPANET, iliyotolewa mwaka 1993 na Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani kwa ajili ya kuchanganua mitandao ya maji, hupatikana bure, na wahandisi wa Burundi wanaweza kuitumia. Kinachohitajika zaidi ni mita kuu kwenye mlango wa kila mtaa, orodha sahihi ya mabomba na valvu, vipima mvua katika vilima vya Mumirwa, na kikosi kidogo cha vijana wa vyuo kinacholipwa kuihuisha orodha hiyo kila mwezi. Mtaa mmoja wa majaribio ungetosha kwa mwaka wa kwanza. Kisha ramani ya mifereji na majitaka ifuate, maana mtandao unaoelekea kituo cha Buterere unahudumia sehemu tu ya mji, na kinachobaki huishia katika ziwa lile lile ambalo pampu zinavuta maji ya kunywa.

Serikali imejiwekea lengo la kuifanya Burundi nchi inayoinukia ifikapo 2040 na iliyoendelea ifikapo 2060. Sensa ya mwaka 2008 iliihesabia Bujumbura watu 497,166, na tangu hapo mji umetambaa hadi mbali kandokando mwa barabara zake zote. Huduma zilizopangwa kwa mji wa jana haziwezi kugawanywa kwa kukisia.

Iwapo siku moja mradi wa pacha wa kidijitali utazinduliwa hapa, wananchi hawatahitaji utaalamu wa kompyuta ili kuupima. Watazame ratiba ya mgao wa maji. Ikitangazwa mtaa kwa mtaa, kwa lugha wanayoielewa, na bomba likatoa maji saa iliyoandikwa, basi vipimo vinafanya kazi. Watazame pia ukingo wa Ntahangwa mvua ya kwanza ya Septemba itakapokuja: kama onyo litafika kabla ya maji.